Dada Analia Kwenye Filamu Yangu, Nimfute?

Shikamoo Mama.

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Mbagala. Riziki yangu ni kupiga video za harusi, kicheni pati, kipaimara, na misiba pia kwa wanaotaka. Nakuandikia wewe kwa sababu najua ulikaa chumba cha kuediti miaka mingi kabla hujakaa kwenye safu hii.

Nina dada yangu mkubwa ambaye ni wakala wa fedha za simu. Kibanda chake kiko jirani na kituo cha daladala, kina laini nne, kiti kimoja na feni inayozunguka siku inayojisikia. Kazi yenyewe unaijua: foleni, kelele, mmoja anadai hajapata meseji, mwingine anataka kutoa laki tano wakati droo ina laki moja. Saa 3 usiku, akishamaliza hesabu, anashusha dirisha nusu, anavua ndala, anapindua kreti la soda na kulikalia. Anafumba macho kwa dakika 10. Alifundishwa na muuguzi wa kliniki miaka sita iliyopita, alipokuwa mjamzito na presha ikapanda: vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, mawazo yakikuchukua rudi kwenye kuhesabu. Mtoto alizaliwa salama, lakini dada hakuacha. Mwanawe akimwita wakati huo, haitiki.

Nikaona hapo kuna filamu fupi. Msongo wa mawazo wa kila siku na meditesheni, lakini ya kwetu. Dada alikubali, akaniambia tu nisimzuilie wateja. Nikamfuata wiki tatu, kwa simu na kwa kamera yangu ya harusi.

Sasa Ijumaa moja, saa ya foleni, mteja alimtajia namba ya kuwekewa 380,000. Dada akakosea tarakimu moja. Jina lilitokea, hakulisoma, akabonyeza. Alipogundua alipiga ile namba, ikaita mara mbili, kisha ikazimwa. Hela yenyewe ni mtaji alioukopa kikoba. Alikaa chini sakafuni akalia. Mimi nilikuwa narekodi, na sikuiweka kamera chini. Ni dakika 4 na sekunde 11. Siku mbili baadaye alinikuta naziediti, akasimama nyuma yangu, akasema, "Hiyo futa." Nikamwambia sawa. Sijafuta.

Filamu sasa ina dakika 14. Mwisho wake nilimpeleka dada ufukweni Kigamboni, jua likizama, akakaa mchangani amefumba macho, nikaweka mlio wa filimbi nilioupakua mtandaoni. Niliwaonyesha watu wanne. Mmoja alisinzia. Mwingine, fundi mwenzangu wa kuediti, anataka niweke sauti ya msimulizi aeleze madhara ya stresi. Mama yetu, ambaye jumuiya haimpiti hata wiki moja, alitazama pale ufukweni akauliza, "Huyu anamwomba nani?" akaondoka kwenda kugeuza maandazi. Wa nne alisema kile kipande cha kulia ndicho filamu, na nikikitoa hakibaki kitu. Ukweli hata mimi naona hivyo.

Nataka kuipeleka kwenye tamasha la Zanzibar na muda unanibana. Nimfute dada? Na nifanyeje ili meditesheni isichoshe watu?

Nimesahau kusema kwamba tangu ile Ijumaa dada hajakalia tena lile kreti. Nadhani ni uchovu tu.

Mpiga Picha, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini. "Nimesahau kusema." Hukusahau wewe. Jambo hilo limekukaa kooni barua nzima, na lilipotoka ukaliwekea kifuniko cha uchovu. Kwa hiyo nitalianza mimi, na filamu itasubiri.

Futa. Leo hii, kabla hujala. Wewe ni mtu wa kazi, unajua kwamba kufuta si kubonyeza mara moja: kuna kadi ya kamera, kuna kompyuta, kuna ile flashi ya akiba, kuna nakala inayojipandisha yenyewe mtandaoni usiku ukiwa umelala, na kuna ile ya dakika 14 uliyowaonyesha hao watu wanne. Kama yupo uliyemrushia, mpigie aifute. Dada usimwonyeshe tena kipande hicho, hata kwa nia ya kumthibitishia. Mwekee kompyuta mbele, faili liwe limeshachaguliwa, kidole chake ndicho kibonyeze. Alisema futa, ukasema sawa. Hapo pana ahadi, na ahadi ya mdogo kwa dada yake haingojei ratiba ya tamasha.

Lakini kufuta ni sehemu nyepesi. Lililo zito ni kreti.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Kwa miaka sita huyu mwanamke alikuwa na dakika 10 ambazo hazikuwa za mteja, za mtoto, za kikoba wala za mama. Dirisha nusu, ndala pembeni, haoni mtu na mtu hamwoni. Wewe ukaingia humo na lensi. Alikubali, ndiyo, lakini alikubali kupigwa picha akifanya kazi na akipumzika. Hakukubali kupigwa picha akivunjika. Tangu siku hiyo, hata usipokuwepo, pale kibandani pana jicho. Akikaa kwenye kreti atajiona alivyo kwa nje: shingo yake, mabega yake, namna anavyolia. Nani atafumba macho mahali anapotazamwa? Unatengeneza filamu kuhusu mtu aliyeupata utulivu, na katika kuitengeneza umemnyang'anya huo utulivu. Nakwambia hivi bila ukali. Na mimi nimewahi kubakiza kipande nilichoambiwa nikitoe, na mwenyewe alipokiona ukumbini alitoka nje. Sitakusimulia zaidi ya hapo.

Basi nenda jioni moja bila kamera. Simu iache mfukoni, tena imezimwa, maana siku hizi simu nayo ni kamera. Kaa naye mpaka afunge. Mhesabie noti, mpangie sarafu, msaidie kupatanisha daftari na salio la kila laini. Kisha sema kwa mdomo wako, "Dada, nilikosa." Usianze na kitenge, usianze na kuku wa kuchoma, anza na neno. Na kama una chochote kilichobaki kwenye bajeti yako ya filamu, nauli za Kigamboni na mengineyo, kipeleke kwenye ile 380,000. Hata kama ni elfu 20. Deni hilo ulilishuhudia likizaliwa.

Kisha mwangalie. Anakula? Analala? Hasira zake, ukimya wake, vikoje? Mtu aliyepoteza mtaji ana haki ya kununa. Ila huzuni ikipitisha wiki mbili bila kumwachia, usingizi na chakula vikamkataa, au akianza kuzungumza kama mtu asiyeona sababu ya kesho, hapo pumzi za kuhesabu hazitoshi na wala usimhubirie habari za kreti. Mpeleke hospitali. Temeke iko karibu nanyi, na Muhimbili ina watu wa afya ya akili ambao kazi yao ndiyo hiyo. Nenda naye, ukakae naye kwenye benchi.

Haya. Sasa ndiyo tuzungumze filamu, maana najua macho yako yalikuwa yanaruka mistari kuitafuta sehemu hii.

Rafiki yako wa nne amekudanganya, ingawa hakukusudia. Machozi ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika filamu zetu. Enzi zangu za kanda tulikuwa tunapaka dawa ya kuchua chini ya macho ya mwigizaji, dakika mbili tu analia kama bomba, na mtaa mzima unalia naye. Ukiona kipande cha kulia kinaibeba filamu peke yake, ujue vipande vingine havijafanya kazi. Na nahisi najua umeweka nini kabla ya hapo: mikono kichwani, kuhema kwa nguvu, saa ya ukutani, labda glasi inayoanguka. Nimekosea?

Msongo wa kweli hauna mbwembwe. Ulikaa naye wiki tatu, lazima uliuona. Anahesabu noti za elfu kumi, analowesha dole gumba, anapata 41. Anarudia, anapata 42. Anarudia tena, midomo inacheza, na mteja anamsemesha katikati. Chai ya maziwa ya saa 4 asubuhi imefika saa 8 mchana haijaguswa, juu imeshika utando, nzi ametua ukingoni. Mtoto wa jirani anamwamkia, salamu inamchukua muda kumfikia, anaitika mtoto akiwa ameshapita. Mwili ukikaa kwenye hatari siku nzima, taya hukaza, mabega hupanda kuelekea masikioni, pumzi huhamia juu kifuani na kuwa fupi fupi. Kamera yako inaweza kuyaona yote haya kwa karibu bila mtu yeyote kutamka neno stresi. Kwa hiyo fundi mwenzako na msimulizi wake mwambie asante, lakini hapana.

Lugha yenyewe imeshakufanyia nusu ya kazi. Msongo umetoka kwenye kusonga, na kusonga unakujua: ndicho kinachofanyika kwenye sufuria ya ugali. Mwanzo maji yanacheza, mwiko unaogelea. Unga unaongezwa kidogo kidogo, hakuna aliyeona ni kiganja kipi kilichozidisha, mara mkono unahitaji nguvu za bega. Ipange siku ya dada hivyo. Usimletee balaa moja kubwa, mwongezee unga. Kwa upande wa pili, pumzika limekaa nyumba moja na pumzi. Waliotuachia Kiswahili walijua kwamba anayepumzika ni anayepata kupumua. Kwa hiyo anayekwambia mambo haya ni ya kigeni, mrudishe kwenye neno analotumia kila siku.

Kigamboni nitakuomba uiache. Ufukwe ni mzuri, jua likizama ni zuri, filimbi ni nzuri, na vyote hivyo nimeviona kwenye kalenda. Dada yako hafanyi meditesheni ufukweni. Anaifanya kwenye kreti la soda, miguu peku, nyuma ya dirisha lililoshuka nusu, miguu ya wapita njia ikionekana chini yake. Ulikuwa na picha ambayo hakuna mwingine anayo, ukapanda pantoni kwenda kutafuta iliyo kwa kila mtu! Aliyesinzia naye usimchukulie vibaya. Alipofika ufukweni hakuwa na cha kungoja, na mwili usio na cha kungoja hulala. Hata wanaokaa kwenye meditesheni wenyewe husinzia, waulize.

Swali lako la namna ya kufanya isichoshe nitalijibu kwa hesabu. Nne za kuvuta na sita za kutoa ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mwenye foleni dirishani huenda akapita hapo. Ukirekodi kwa picha 25 kwa sekunde, pumzi moja ya dada ni picha 250. Sasa katika sehemu ya kazi kata haraka: picha 40, picha 30, kila anapokatizwa nawe katiza. Akikalia kreti, usikate mpaka pumzi iishe. Picha 250, kata. Picha 250 tena, labda sasa ni unyayo umekanyaga saruji. Ya tatu iache ifike picha 500. Mtazamaji hataambiwa kitu, lakini pumzi yake itaanza kuifuata ya kwenye kioo, kama miayo inavyoambukiza. Na ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoushusha moyo mbio, kwa hiyo usiikate kamwe katikati, hata mkono ukikuwasha.

Katikati ya utulivu huo rudisha vurugu kidogo. Watu hudhani anayefanya meditesheni amefika mahali peupe pasipo na wazo. Thubutu! Anahesabu moja, mbili, mara anaikumbuka ile namba aliyokosea, anaiona tarakimu, anakwenda nayo mpaka kikoba, mwenyekiti anamtazama, halafu anagundua amepotea, anarudi kwenye moja. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe, na kunaweza kutokea mara 30 ndani ya dakika 10. Hiyo ni tamthilia, mwanangu. Una mtu anayepotea na kurudi, kupotea na kurudi. Kope zinatikisika, dole gumba linaanza kuhesabu noti zisizokuwepo, kisha linaacha. Kipande hicho kikipatikana hakuna atakayelala.

Sauti ndiyo niliyotaka kuifikia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vijana mnaidharau. Usiizime Mbagala. Ulipoweka filimbi ulimwondoa dada duniani, wakati yeye huwa haondoki. Rekodi kila sauti peke yake: konda anaita abiria, bajaji inawashwa, mlio wa meseji za miamala unaogongana kutoka kwenye simu nne, mkokoteni wa aiskrimu na wimbo wake ule ule, feni inayokwaruza. Mchana zirundike zote kwa pamoja hadi zikere. Usiku, pumzi zinapoanza, usizipunguze, zitenganishe. Bajaji ipite kulia na kwenda zake. Kisha feni. Kisha, kwa mbali, vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa. Anayetulia hasikii kidogo, anasikia kimoja kimoja. Na kabla hujaondoka kibandani, waombe watu wote wanyamaze, rekodi dakika nzima ya chumba kikiwa hakina anayezungumza. Ukifika kwenye kuediti utanishukuru, kwa sababu kila penye pengo utaliziba kwa ukimya wa mahali palepale.

Jambo dogo la ufundi, nalipitia tu: kama taa ya kibanda inaleta mistari inayotembea kwenye picha, umeme wetu ni wa hezi 50, weka shata yako, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Wewe wa harusi unalijua hilo, lakini simu ikiachiwa ijiamulie haikuulizi.

Mama yako amekupa sentensi bora kuliko zote zilizomo kwenye barua hii na hukuiona. "Huyu anamwomba nani?" Iweke kwenye filamu! Mama mtu mzima anakuja kibandani usiku na bakuli la maandazi, anachungulia chini ya dirisha, anamwona binti amefumba macho, anauliza hivyo. Dada asijibu haraka. Akijibu, iwe kifupi kama watu wanavyojibizana nyumbani: "Siombi, Mama. Nahesabu." Mama anasema, "Hela?" Hapo watu watacheka, na kicheko kitafungua mlango ambao mahubiri yasingeufungua.

Nje ya filamu, mama ana haki ya kupata jibu la heshima. Mkumbushe yeye mwenyewe akishika rozari, midomo ikicheza, namna sauti yake inavyoshuka akifika fungu la tatu. Watawa wa Kibenediktini kule Ndanda na Peramiho wana desturi ya kusoma mstari mmoja wa Maandiko polepole na kukaa nao kimya. Jirani zenu Waislamu wana dhikri. Sisemi ni kitu kimoja, padri na shehe wangenigombeza wote wawili, na wangekuwa na haki, maana wao wanamkusudia Mungu na dada yako anakusudia kupumua. Kuangalia pumzi kama anavyofanya yeye kuna mizizi mirefu kwa Wabudha wa Asia, hilo nalo mama asifichwe. Ila yeye alilipokea kliniki, kutoka kwa muuguzi, kama alivyopokea vidonge vya madini ya chuma.

Na hapa ndipo mwisho wa filamu yako unapoharibika, hata bila ufukwe. Umeifanya meditesheni kuwa dawa iliyomponya. Mwaka 1979, katika chuo kikuu cha Massachusetts huko Marekani, mtu aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa ya aina hii kwa wagonjwa, na wengi wao walikuwa na maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida ilikuwa imefikia mwisho nayo. Hakuwaahidi kwamba mgongo utaacha kuuma. Aliwafundisha kukaa na mgongo unaouma bila kuongezea juu yake hofu ya mgongo. Chukua hilo. Dada akifungua macho, 380,000 bado haipo. Kikoba bado kinakutana Jumapili. Kinachoweza kuwa tofauti ni kwamba safari hii anahesabu noti na kupata 41, anarudia, anapata 41. Mimi ningeishia kwenye daftari: anaandika tarehe, anaandika 10,000, anapiga mstari, chini yake 370,000. Kalamu inawekwa chini. Basi.

Daftari hilo usirekodi lile la kweli. Lina majina ya wateja, namba zao na kiasi walichotoa. Nunua jipya, jazeni majina ya kubuni. Wateja waliojitokeza sura bila kujua, wakate. Mtu anayebonyeza namba ya siri, hata ukiona mkono tu, mkate pia.

Huenda dada akasema hataki filamu hata kidogo. Hapo utakubali, na usinune mbele yake. Lakini hutakuwa umepoteza kila kitu. Mawakala wamejaa kila kona ya nchi hii, na kosa la tarakimu moja si mali ya mtu mmoja. Tafuta mwigizaji, jenga kibanda kingine, badili wakala awe mwanamume au mshona nguo anayedaiwa gauni la harusi, unavijua hivyo. Akikubali kuwa mshauri, mlipe kama mshauri, na mkubaliane kwa maandishi kwamba anaiona filamu kabla ya mtu mwingine yeyote na anaweza kusema hapana. Maandishi kati ya ndugu huonekana kama kukosa imani. Mimi nimeyaona yakiokoa Krismasi za watu.

Ya kiserikali usiyapuuze. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 bado ipo pamoja na marekebisho yake, kwa hiyo pita Bodi ya Filamu upate kibali kabla hujaanza upya. Ile filimbi ya kupakua ina mwenyewe. Tamasha likikuuliza haki ya muziki utajibu nini? Ukihitaji muziki kweli, mtafute kijana wa mtaani, mwandikiane, COSOTA, wale wa hakimiliki, watakueleza namna ya kulinda kazi yako na yake. Binafsi sioni kama unauhitaji.

Kuhusu muda unaokubana: tamasha la Zanzibar lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwakani Ngome Kongwe, linakofanyikia, itakuwa palepale. Unavyoniandikia naona nawe hulali. Dakika 14 zako zina filamu ya dakika 8 ndani yake, lakini sehemu kubwa ya hizo 8 bado hujairekodi.

Dada akikurudisha kibandani kwa hiari yake, anza na sauti kabla ya picha, kamera ibaki kwenye begi. Muuza kahawa mfuate baada ya saa 2 usiku, bajaji zinapopungua. Mnunulie vikombe viwili, cha kwako na cha dada, ndipo umuombe avigonganishe vile vingine.